Kionjo cha habari: maana yake na kinapopotoka

Kionjo cha habari ni maneno machache, mara nyingi yakiambatana na picha za sekunde kadhaa, ambayo kituo cha televisheni huyarusha kabla ya taarifa yenyewe ili mtazamaji asibadili chaneli wakati wa matangazo ya biashara. Jina linatokana na kitenzi kuonja, na wakazi wa Iringa wanaijua vizuri kazi ya kuonja: muuza ulanzi, yaani pombe ya mianzi, humpa mnunuzi funda moja, naye kwa funda hilo hutambua kama ni mtogwa, ambao bado ni mtamu, au ni mkangafu uliokwisha kuchacha, kisha huamua kununua au kwenda zake. Kionjo cha namna hiyo husema kweli juu ya kilichomo chomboni.

Muhtasari wa habari, ule tuliouzoea redioni, ni kitu kingine. Wenyewe hulitaja tukio kwa sentensi moja, nani kafanya nini na wapi, na aliyeusikia anaweza kuzima redio akiwa amekwisha kupata habari. Kionjo huacha pengo kwa makusudi. Mwanauchumi George Loewenstein wa Marekani alieleza mwaka 1994 kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapotambua pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Watayarishaji wa vionjo hulitumia pengo hilo, wawe wamemsoma au la, nami sioni kosa iwapo linalingana na habari yenyewe.

Jioni moja nyumbani Mafinga, kituo kimoja kilitangaza: "Taharuki Mlima Kitonga, abiria wakwama! Usibanduke." Mama mdogo, ambaye mwanawe alikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kwa barabara ipitayo mlima huo, na simu yake haipatikani, aliisukuma kando sahani ya ugali, akakaa ukingoni mwa kiti akitazama matangazo ya sabuni na mabati. Taarifa ilisomwa saa 2:40 usiku. Lori la saruji lilikuwa limeharibika konani, foleni ikawa ndefu, hakuna aliyeumia, na njia ilikuwa imefunguliwa kabla ya magharibi.

Hakuna neno la uongo katika kionjo kile, na ndiyo maana ni vigumu kukilalamikia: abiria kweli walikwama. Lakini neno taharuki, likitamkwa mbele ya watu wanaoijua miteremko ya Kitonga na wenye ndugu barabarani, husikika kama tangazo la msiba, na aliyeliandika alijua litasikika hivyo. Angeweza kuandika, "Foleni Kitonga baada ya lori kuharibika, hakuna aliyeumia," na bado pengo lingebaki, yaani kama njia imefunguka au bado. Mama mdogo angelisubiri jibu hilo huku akila.