Kazi za Wafungwa na Utumwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wakazi wa Mwanza wakiwaona wafungwa wa Butimba katika sare za rangi ya chungwa wakifyeka nyasi, askari magereza akiwa amesimama kando, wengine husema huo ni utumwa, na wengine hujibu kwamba mhalifu hana haki ya kulalamika. Kauli zote mbili zina kasoro.

Dhana: Kila kazi ya lazima gerezani ni utumwa.
Mkataba wa Utumwa wa 1926 unatumia kigezo cha umiliki, yaani binadamu kutendewa kama mali ya mwenzake. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1930 haukuihesabu kazi ya aliyehukumiwa kuwa kazi ya kulazimishwa, na Ibara ya 25 ya Katiba yetu inasema vivyo hivyo kuhusu kazi ya kutimiza hukumu ya mahakama.

Dhana: Basi akishahukumiwa, yeyote anaweza kumtumikisha.
Hili ndilo kosa kubwa zaidi. Mkataba huohuo wa 1930 unataka kazi hiyo isimamiwe na mamlaka ya umma, na mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa mtu binafsi au kampuni. Nchini Marekani, Marekebisho ya 13 ya Katiba ya mwaka 1865 yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa, na kupitia mwanya huo majimbo ya Kusini yaliwakamata watu weusi kwa makosa kama uzururaji, yakawakodisha kwa wenye mashamba na migodi ya makaa ya mawe. Alabama iliendelea hadi 1928. Mwenye mgodi hakuwa amemnunua mfungwa huyo, hivyo mfungwa akifa, mwenye mgodi hakupata hasara; aliletewa mwingine. Kwangu mimi huo ni utumwa kamili, hata kama hakimu alitia saini. Kwa kipimo hicho, mfungwa akipelekwa bila ridhaa yake kupalilia pamba ya mtu binafsi kule Magu, hukumu ya mahakama haimkingi aliyempeleka.

Dhana: Mahabusu na mfungwa ni mamoja.
Mahabusu hajahukumiwa. Kanuni za Mandela za 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinasema apewe nafasi ya kufanya kazi, asilazimishwe, na akifanya alipwe.

Dhana: Mfungwa hastahili malipo.
Kanuni hizohizo zinataka alipwe ujira wa haki, na aruhusiwe kutuma sehemu yake kwa familia, ambayo haikuhukumiwa na mahakama yoyote.