Seti ya pili si marudio ya ya kwanza

"Si tutasikia nyimbo zilezile?" Karibu kila mtu ninayempangia safari ya kwenda New York kusikia jazz huniuliza hivyo, tena mara tu ninapomwambia anunue na tiketi ya seti ya pili, yaani awamu ya pili ya onesho la usiku uleule. Nauli ya ndege amelipa, hoteli amelipa, yuko tayari kukesha angani. Ikifika zamu ya tiketi moja ya ziada, ghafla anakuwa mhasibu. Basi leo nijibu kwa urefu, ili atakayeuliza kesho nimpe asome mwenyewe.

Nyimbo mbili tatu zinaweza kujirudia, ndiyo. Zikijirudia, ushukuru. Wimbo wa jazz ni kiunzi tu: melodia na mfuatano wa kordi (noti zinazopigwa kwa pamoja), mara nyingi vipimo 32 vinavyozungushwa tena na tena. Melodia ikishapigwa, kila mmoja hubuni yake juu ya kordi hizo, na hakuna karatasi inayosema azunguke mara ngapi. Mpiga saksafoni aliyeridhika na mizunguko mitatu saa mbili usiku anaweza kwenda kumi saa nne, kwa sababu tu mpiga dramu amemchokoza. Ukisikia wimbo uleule mara mbili usiku mmoja, ndipo unapoona kwa masikio yako kipi kilikuwa cha mtunzi na kipi kimezaliwa pale jukwaani. Hakuna somo la jazz lililo rahisi kuliko hilo.

Ushahidi umejaa kwenye santuri. Chukua Village Vanguard, klabu ya New York iliyo kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichofunguliwa mwaka 1935, kinachoingiza watu mia na ishirini na kitu. Tarehe 3 Novemba 1957 mpiga saksafoni Sonny Rollins alirekodi pale mchana na usiku. Mchana alikuwa na Donald Bailey kwenye besi na Pete La Roca kwenye dramu. Usiku akapanda na Wilbur Ware na Elvin Jones. Aliyekuja mchana akaondoka zake hakumsikia Elvin Jones hata kidogo. Tarehe 25 Juni 1961 trio (kundi la watu watatu) ya mpiga piano Bill Evans ilipiga seti tano hapohapo kati ya mchana na usiku. Kuna wimbo waliourudia mara tatu siku ile, na mara zote tatu zimetolewa kwa sababu hazifanani. Siku kumi na moja baadaye mpiga besi wao, Scott LaFaro, alifariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Novemba ya mwaka uleule mpiga saksafoni John Coltrane akarekodi mahali palepale kwa usiku kadhaa, na kikosi kikawa kinabadilika: mara wapiga besi wawili, mara mmoja, mara Eric Dolphy anaongeza klarineti ya besi.

Wabishi huwa nawapeleka kwenye tamasha la jazz la Newport, Marekani, tarehe 7 Julai 1956. Okestra ya Duke Ellington ilipanda jukwaani mapema jioni ikiwa na pengo la wanamuziki kadhaa, ikapiga nyimbo chache na kuteremka. Ikarudi kukaribia saa sita usiku. Baadhi ya watu walikuwa wameshaanza kwenda zao. Hapo ndipo Paul Gonsalves aliposimama na saksafoni yake ya tenor akapiga mizunguko 27 mfululizo, watu wakainuka vitini wakacheza, na Ellington, ambaye wengi walimwona amepitwa na wakati, akarudi kileleni. Waliowahi kitanda walisoma habari hiyo magazetini.

Kuna na sababu isiyo ya kisanaa. Klabu nyingi za New York huuza kila seti kwa tiketi yake. Seti ya kwanza lazima iishe kwa wakati ili ukumbi utolewe watu na wengine waingie, na kiongozi wa bendi anajua hivyo. Jicho moja liko kwenye saa. Seti ya pili haina foleni nyuma yake. Wasafiri wenye usingizi wameshaondoka, viti vimepatikana, na waliokuja kukaa nyuma ni wanamuziki waliomaliza kazi zao kwingine. Mwanamuziki akiona wenzake wamekaa wanamsikiliza, hapigi kivivu.

Ushauri wangu mmoja, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia: pale Vanguard bendi moja kwa kawaida hukaa kuanzia Jumanne hadi Jumapili, seti mbili kwa usiku. Nenda Jumapili, seti ya pili. Hiyo ni seti yao ya kumi na mbili. Wameshazoea ukumbi, wameshajaribu wakakosea, na nyimbo zilizokuwa ngumu Jumanne sasa wanazichezea. Jumatatu ni ya bendi kubwa ya klabu yenyewe, ile iliyoanzishwa na Thad Jones na Mel Lewis na kuanza kupiga pale mwaka 1966, na hiyo nayo usiikose.

Mengine ninayoambiwa na wateja nayamaliza haraka.

"Lazima nimwone mwenye jina kubwa." Mwaka 1963 aliyelipia kumwona mpiga tarumbeta Miles Davis aliuziwa pia mpiga dramu wa miaka 17, Tony Williams, na ni yule kijana aliyeibadilisha bendi yote. Ukisoma tangazo la onesho, anza na jina la mpiga dramu, kisha mpiga besi. Mwenye jina kubwa mtazame mwisho. Na ukiweza, kaa upande wa dramu. Ukiwa huko utauona vizuri msukumo wote wa muziki.

"Jazz ya New Orleans iko Bourbon Street." Mtaa huo una kelele nyingi, na sehemu kubwa ni bendi zinazopiga nyimbo za watu wengine kwa ajili ya walevi. Tembea kwa miguu dakika chache hadi Frenchmen Street. Snug Harbor iko pale, ukumbi wa kukaa na kusikiliza, ambako Ellis Marsalis alipiga piano kwa miaka mingi kabla ya kifo chake mwaka 2020. Ukienda Preservation Hall, iliyopo tangu 1961, usiulize baa iko wapi. Ni chumba kidogo, seti ya chini ya saa moja, na umekuja kusikiliza.

"Nitasubiri tamasha, niwasikie wote kwa mpigo." Nenda, sikukatazi. Lakini tamasha la Montreux, Uswisi, lililoanza na jazz mwaka 1967, leo limejaa roki na pop, na lile la New Orleans tangu 1970 limechanganya jazz na gospeli, bluzi na mengineyo. North Sea Jazz kule Rotterdam ina kumbi nyingi zinazopiga kwa wakati mmoja, kwa hiyo jioni yako inaishia kwenye ngazi na korido. Na tamashani siku hizi, seti ya pili kama ile ya Ellington ni nadra.

"Mimi si mjuzi, nitaaibika." Utaaibika ukiongea wakati wa solo ya besi au ukiinua simu kurekodi. Kutojua jina la wimbo hakumwaibishi mtu. Makofi baada ya solo yanakubalika. Usipopiga, hakuna anayekuhesabu.

"Tutanunua tiketi mlangoni." Kwenye chumba cha watu mia moja, Jumamosi? Nunua mapema, fika mlango unapofunguliwa, na weka akiba ya kinywaji cha lazima, maana klabu nyingi hudai walau kimoja kwa kila seti.

"Wanamuziki hawapendi kusumbuliwa." Kati ya seti na seti utawakuta wamesimama karibu na baa, hatua chache kutoka mezani kwako. Msalimie mpiga besi, ambaye hakuna anayemsalimia, umuulize wimbo wa tatu ulikuwa wa nani. Kama wana santuri au CD za kuuza, nunua hapohapo mkononi mwao. Ila usiwaombe wakupigie wimbo unaoupenda. Orodha ya seti ya pili inapangwa kichwani mwa kiongozi, na hapo mlipo huenda ameshaanza kuipanga.