Damu ya mbwa jike si joto kila mara

Mbwa jike anadondosha damu mwezi wa pili sasa, na mwenyewe anasema, "Yuko kwenye joto tu." Joto la mbwa, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, huchukua wiki 2 hadi 3 hivi. Likizidi hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mara nyingine akimfunua sehemu za siri hukuta kinyama chekundu chenye vinundu kama koliflawa, kikiguswa tu kinachuruzika damu.

Hapo huja kosa la pili: "Ni kansa, auawe." Kansa ni kweli, ila ya ajabu. Huambukizwa kwa kupandana, hata kwa kulambana na kunusana, na kinachohama si kirusi bali seli zenyewe za uvimbe, ambazo asili yake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Binadamu haambukizwi, wala paka.

Kuipima hakuhitaji mashine kubwa. Daktari anagandamiza kipande cha kioo juu ya uvimbe ili seli zinate, anatia rangi, anaangalia kwa darubini. Tiba ni vinkristini, dawa ya kansa, hudungwa mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na wengi hupona kabisa. Ukikatwa tu bila dawa, uvimbe hurudi mara nyingi. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, basi usimwite yule jamaa wa kuchoma sindano mtaani.