Kuianza methani si kazi, kazi ni kuacha

Juzi mhandisi mmoja, mtu wa mitambo, ameniambia tena: "Dokta, tafuteni kichocheo chenye nguvu zaidi, gesi ya Songo Songo igeuke methanoli, basi." Gesi hiyo karibu yote ni methani, methanoli ni alkoholi ya kimiminika, na kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko. Wanafunzi wangu nao husema hivyohivyo kila mwaka.

Nguvu tunayo! Paladiamu, metali inayotumika kama kichocheo, huichoma methani kwenye nyuzi 400 na kitu, ikabaki kabonidayoksaidi na maji. Joto umepata, methanoli hukupata.

Kukata kifungo cha kaboni na haidrojeni kwenye methani kunadai kilojuli 439 kwa moli. Kwenye methanoli ni kama 402 tu. Kwa hiyo kichocheo chenye meno ya kuing'ata methani kitaitafuna methanoli kwa urahisi zaidi, tena papo hapo inapozaliwa. Ukikiongezea ukali, unazidisha ulaji. Ndiyo maana mtu akiniletea matokeo ya "asilimia 95 methanoli", yaani sehemu ya methani iliyogeuka ambayo ikawa methanoli, namuuliza kwanza: methani iliyogeuka ni kiasi gani? Ikigeuka chembe tu, methanoli ni chache mno kuanza kuliwa, na namba hupendeza yenyewe. Nipeni namba zote mbili au msinipe kabisa.

Mimi natumia zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno ndani, iliyotiwa shaba. Unaipasha na oksijeni kwenye nyuzi 450, unashusha hadi 200, unapitisha methani, kisha mvuke wa maji unaing'oa methanoli iliyoshikwa ndani. Kule kushikwa ndiko kunakoiokoa isiungue. Halafu unaanza upya, kwa mavuno kidogo kila mzunguko. Tunaiita "joto la chini" kwa sababu ya ile 200, ilhali mzunguko mzima unapanda hadi 450. Nimeliandika neno hilo kwenye ripoti zangu, na sikutenda haki.

Na shaba yenyewe ikoje inapofanya kazi? Vitabu huchora atomi mbili na daraja la oksijeni katikati. Kwenye modenaiti, aina moja ya zeolaiti, wapo wanaotetea atomi tatu, wenye ushahidi mzuri. Spektra zangu, yaani vipimo vya mionzi vya shaba hiyo, sithubutu kusema zinaegemea wapi. Hata bakteria wanaokula methani, wanaoimaliza kazi hii kwenye joto la kawaida la tope la jaruba, kimeng'enya chao cha shaba bado kinabishaniwa: atomi mbili, au moja tu?