Je, wajua kwa nini mchoraji Pissarro aliichora barabara ya Paris akiwa dirishani hotelini?

Ukiiangalia picha ya Camille Pissarro ya Boulevard Montmartre usiku, maswali mawili yanakuja haraka: mbona kaichora kutoka juu hivi, na mbona watu hawana sura, ni vidoa vidoa tu?

La kwanza jibu lake ni jicho. Mzee alikuwa na ugonjwa wa jicho wa kujirudiarudia, akipigwa na upepo na vumbi huko nje linazidi, na yeye ni wa lile kundi la wachoraji walioitwa waimpreshonisti, watu waliojulikana kwa kubeba turubai na rangi kwenda kuchora nje kabisa. Sasa atafanyaje? Februari 1897, ana miaka 66, akachukua chumba Grand Hôtel de Russie, akakaa dirishani akawa anachora kinachopita chini. Boulevard Montmartre ileile, dirisha lilelile, kaichora mara 14! Kuna ya jua, ya mvua, ya ukungu, hadi ya siku ya kanivali barabara imefurika watu.

Na vile vidoa sio uvivu jamani. Panda ghorofani uangalie barabara ya mjini jioni, niambie kama unaona pua ya mtu. Huoni, unaona weusi unasogea, ukikodoa macho kumtafuta mmoja ameshapita. Pissarro alichora kile ambacho jicho linakipata kwa muda ule, hakuongeza vile ambavyo akili inajua tu kwamba vipo.

Hiyo ya usiku ndio inaniua mimi. Kati ya hizo 14 ni hiyo moja tu ya usiku, na siri yake ni taa. Zile za katikati ya barabara ni za umeme, kazipa weupe wa baridi, za madukani ni za gesi, hizo kazipa manjano inayoelekea chungwa, halafu lami imelowa mvua kwa hiyo kila mwanga unashuka chini unatambaa kwenye maji. Ukiizumu kwenye simu unakuta mipigo ya brashi tu, mizito, haina umbo lolote, ukirudisha nyuma, magari ya farasi haya hapa yamejipanga.

Ajabu ni kwamba hiyo hakuisaini wala hakuionyesha popote mpaka anafariki 1903. Leo ipo National Gallery, jumba la makumbusho ya sanaa huko London.