Homer akikutana na Peter: dhana potofu kuhusu wahusika wa katuni wanaotembeleana

Mashabiki wa katuni za vichekesho za Marekani, zile za familia moja, kochi moja na baba asiyesikia la mwadhini wala la mnadi swala, hufurahi sana mhusika wa katuni hii anapoibukia kwenye ile, kama Homer, baba wa The Simpsons, anapokutana na Peter, baba wa Family Guy. Furaha hiyo imezaa madai yanayorudiwa kila siku, na baadhi yanawanyima sifa watu walioifanya kazi yenyewe.

"Wakikutana, basi wanaishi dunia moja"

Hili ndilo linaloaminiwa kuliko yote, na ndilo linaloanguka upesi. Chukua The Simpsons na Futurama, zote za Matt Groening. Mwezi Mei 1999 Futurama, inayosimulia maisha ya miaka elfu moja ijayo, ilionyesha bonge la takataka lililorushwa angani zamani, sasa linarudi kuuangukia mji wa New New York. Ndani yake mmejaa wanasesere wa Bart Simpson, mtoto wa Homer. Mmoja anamwambia Bender ale kaptula yake, na Bender, roboti asiyejua mafumbo, anaila. Kwa watu wa Futurama, basi, Bart ni bidhaa ya karne ya 20 iliyotupwa jalalani. Ukienda upande wa pili, The Simpsons imewahi kumchora Groening mwenyewe akiwa mtunzi wa Futurama, yaani huko Bender ndiye katuni.

Halafu tarehe 9 Novemba 2014 ikaja "Simpsorama". Bender anatoka karne ya 31 kuja kumuua mmoja wa akina Simpson, kwa sababu vitu ambavyo Bart na wenzake shuleni walivifukia ardhini vimezaa viumbe vinavyoiangamiza New New York. Mwishoni anajizima na kubaki chini ya nyumba ya akina Simpson, asubiri miaka elfu moja ipite. Mambo haya matatu hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na waandishi hawakuhangaika kuyapatanisha. Walichukua kilichofaa kichekesho cha siku hiyo, na mimi naona walifanya sawasawa.

"American Dad! imezaliwa na Family Guy"

Hapana. Iliyozaliwa na Family Guy ni The Cleveland Show, iliyoanza Septemba 2009 na kumalizika Mei 2013, kisha Cleveland akarudishwa Quahog, mji wa Family Guy, kwa Peter na majirani zake wengine wa zamani. American Dad!, ya mwaka 2005, ina mji wake na wahusika wake tangu mwanzo. Seth MacFarlane yumo katika zote tatu, lakini American Dad! aliianzisha pamoja na Mike Barker na Matt Weitzman. Kinachowachanganya watu ni usiku wa tarehe 2 Oktoba 2011, kimbunga kimoja kilipopiga katuni zote tatu kwa mfululizo. Hata hapo, kila familia ilihangaika na dhoruba kwake. Usiku huo ulikuwa umepangwa mwezi Mei, ukaahirishwa baada ya vimbunga vya kweli vya mwishoni mwa Aprili kuua mamia ya watu kusini mwa Marekani.

"Ni mtindo wa juzi juzi"

The Flintstones ilianza ABC mwaka 1960. Tarehe 22 Oktoba 1965 ilimpokea Samantha, yule mchawi wa Bewitched, kipindi cha waigizaji wa kawaida kilichokuwa kwenye kituo hicho hicho. Elizabeth Montgomery na Dick York walitia sauti zao wenyewe. Studio ya Hanna-Barbera, wenye The Flintstones, ndiyo iliyochora pia utangulizi wa Bewitched, kwa hiyo hawakuwa wageni.

"'The Simpsons Guy' ni kazi ya The Simpsons"

Ilikuwa ya Family Guy, ikifungua msimu wa 13 tarehe 28 Septemba 2014, ikichukua nafasi ya vipindi viwili. Waandishi ni wa Family Guy. Upande wa pili ulileta wahusika na sauti zao. Wengi hukumbuka ile ngumi ndefu ya Homer na Peter, ambayo kwangu inachosha. Kilicho bora ni kesi ya bia. Peter anashtakiwa kwamba bia ya kwao imeiga Duff, bia ya The Simpsons, na jaji ni Fred Flintstone, ambaye anaona bia zote mbili zimeiga ya kwake. Kesi hiyo ilikuwa imesubiri miaka. Mwaka 2005, The Simpsons walipompeleka mhalifu wao Sideshow Bob Italia, kitabu cha polisi kilionyesha picha ya Peter kwa kosa la wizi wa kazi ya mwingine, kisha Stan Smith wa American Dad! kwa kumwibia mwizi. Family Guy walijibu kwa kujishtaki wenyewe hadharani.

"Waundaji wote hufurahia kutembeleana"

Groening hakufurahia. Tarehe 5 Machi 1995 The Simpsons ilimleta Jay Sherman, mhakiki wa filamu kutoka The Critic, awe mwamuzi wa tamasha la filamu la Springfield, mji wa akina Simpson. The Critic ilikuwa ya Al Jean na Mike Reiss, waliowahi kuiongoza The Simpsons, na mtayarishaji James L. Brooks alikuwa katika zote mbili. ABC walikuwa wameiacha, Fox wakaichukua, na ilianza Fox usiku huo huo, mara baada ya ziara hiyo. Groening aliona hilo ni tangazo la biashara lililovishwa hadithi. Akaondoa jina lake kwenye orodha ya watengenezaji na kulalamika gazetini. Brooks naye akajibu hadharani.

Naelewa hasira yake, lakini hukumu ya watazamaji imekwenda kinyume naye: filamu ya tamasha hilo ya Barney, mlevi wa Springfield, kuhusu ulevi wake imebaki miongoni mwa vipande vinavyopendwa vya msimu wa 6. The Critic yenyewe haikumaliza mwaka Fox. Desemba 1996, mwenyewe hana tena kipindi cha kutangaza, Jay Sherman alirudi kwa sekunde chache: mgonjwa katika hospitali ya akili, akirudia kwamba kila kitu ni kibovu, na muuguzi akimwitikia kwa upole.

"Kampuni ikiwa moja, mgeni huja alivyo"

Januari 2013, Archer ya kituo cha FX, ndugu wa Fox wakati huo, ilimwonyesha jasusi wake amepoteza kumbukumbu na kuishi kama Bob wa Bob's Burgers, katuni ya Fox. Kilichowaunganisha ni koo la mtu mmoja, H. Jon Benjamin, anayewatilia sauti wote wawili. Linda, mke wa Bob, na watoto walichorwa upya kwa mtindo wa Archer.