Je, wajua kwa nini Arusha ya kwanza iko Moshi?

Kusini mwa Moshi, mwendo wa kilomita kama 20, katikati ya mashamba ya miwa, kuna mahali panaitwa Arusha Chini. Wageni wengi hudhani ni kitongoji kilichojipachika jina la jiji kubwa. Kumbe jiji ndilo lililochukua jina, na waliolibeba walikwenda nalo kwa miguu.

Waarusha ni wasemaji wa Kimaa, ila tofauti na Wamaasai wa nyikani, wao ni wafugaji wanaoshika pia jembe. Kwao kulikuwa huko tambarare, chini ya Kilimanjaro. Miaka ya 1830 kundi lao liliondoka likaelekea magharibi, likapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wale wa mlimani wakawa Arusha Juu, waliobaki wakaitwa Arusha Chini. Neno "Juu" likaanguka njiani, kama maneno yasiyo na kazi yanavyoanguka.

Mlima haukuwa mtupu. Wameru walikuwepo tayari na migomba yao, wakisema Kirwa, lugha iliyo ndugu na Kichaga. Majirani hawa walipigana, wakatekana, wakaoana. Waarusha wakajifunza kilimo cha migomba. Vijana wa Kimeru nao wakaingizwa kwenye marika ya Waarusha. Kwa hiyo anayetafuta mpaka safi kati ya koo za pale atachoka bure.

Ukitaka kuona mji wenyewe ulipoanzia, nenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, mwisho wa Barabara ya Boma. Si makumbusho makubwa, na sehemu kubwa ni habari za wanyama na asili ya binadamu, lakini mimi huwa naangalia kuta kwanza. Ni ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900. Miaka minne kabla, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Umeru, na adhabu iliyofuata haikuchagua mtu: migomba ilifyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Kisha Waarusha na Wameru wakalazimishwa kuijenga hiyo boma. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka jirani, Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaja kupewa mashamba, na mji ukakua kuizunguka ngome iliyojengwa na watu waliotoka kupigwa.

Sasa Moshi. Nayo ilihama, ila yenyewe ilishuka. Moshi ya asili iko mlimani, ndiyo leo wenyeji wanaiita Old Moshi, na ilikuwa makao ya Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, aitwaye Rindi. Alipofariki mwaka 1891 akafuata mwanawe, Meli, kijana asiyetaka kuamrishwa. Juni 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na wenzake 18, miongoni mwao viongozi wa Waarusha na Wameru. Angalia mwaka huo: ndio ule ule wa boma ya Arusha. Kichwa cha Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Huko huko Old Moshi, kwenye jengo la enzi za Wajerumani, kuna maonyesho madogo kuhusu maisha yake. Kwangu yale yana uzito kuliko makumbusho mengi yenye viyoyozi.

Jina lilishukaje? Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, ilikomea bondeni. Kupanda mlima isingeweza. Serikali ya Kijerumani ikahamisha ofisi zake kufuata stesheni, na jina likateremka na mafaili. Ndiyo maana mji wa Moshi uko chini na Old Moshi iko juu, wakati Arusha iko juu na Arusha Chini, basi, iko chini.

Ukitaka kwenda huko, pale stendi ya Moshi usiseme "Arusha", maana konda atakupakia basi la kilomita 80 kuelekea Meru. Sema TPC, jina la kiwanda cha sukari. Hivyo ndivyo wenyeji wanavyopaita siku hizi.